Mapafu Hurudi Kabla ya Mfupa: Hotuba kwa Waendesha Baiskeli Wanaosubiri Upasuaji wa Nyonga

Ndugu waendesha baiskeli, na ninyi mliokuja kuwasindikiza, maana wiki za mwanzo mzigo mkubwa utakuwa mabegani mwenu, hamjambo na karibuni.

Wengi wenu mmeshaonyeshwa picha ya eksirei na mmeshaambiwa kwamba nyonga imekwisha. Najua swali lililo mioyoni mwenu. Si kovu, si ganzi, wala si maumivu. Mnauliza: nitarudi lini barabarani? Nitalijibu, tena kwa wiki na kwa milimita. Ila kabla ya hapo shikeni jambo moja, na nitalirudia hadi mlichoke: mapafu hurudi kabla ya mfupa. Pumzi yako, moyo wako na mapaja yako vitakuambia uko tayari wiki nyingi kabla mfupa haujashikana na chuma kilichowekwa ndani yake. Humo katika pengo hilo ndimo mtu aliyefanyiwa upasuaji mzuri anapojiharibia.

Tuanze na ugonjwa wenyewe, kwa sababu baiskeli huuficha. Inakuwaje mtu aendeshe kilomita 80 bila taabu, kisha ashindwe kupanda ngazi za nyumbani kwake? Ukitembea, kila hatua nyonga hubeba mara mbili na nusu hadi tatu ya uzito wa mwili wako. Ukiketi kwenye kiti cha baiskeli, uzito mwingi hubebwa na kiti, na ukitumia gia nyepesi mzigo wa nyonga hushuka sana. Tena mwendo wa pedali ni ule ule, wa mbele na nyuma, hauiombi nyonga izunguke wala ijitanue. Gegedu, ule mto laini unaotenganisha mifupa kwenye kiungo, inaweza kuwa imesagika hadi mfupa unagusa mfupa, na bado mtu anaongoza msafara.

Kwa hiyo msijipime kwa kilomita. Jipimeni kwa soksi. Ukishindwa kuvaa soksi au kukata kucha za mguu mmoja, nyonga hiyo imekaza. Tazama goti lako pedali inapofika juu: likikimbilia nje, nyonga haina nafasi ya kukunjika. Sikiliza maumivu ya kinena. Na usishangae goti likiuma wakati goti ni zima, kwani nyonga na goti hugawana mishipa ya fahamu, na wako watu waliopimwa goti mara nyingi kabla mtu yeyote hajawaza kutazama juu yake.

Mnamkumbuka Floyd Landis wa Marekani? Mwezi Januari 2003 alianguka akiwa mazoezini, akavunjika shingo ya fupa la paja la kulia. Mfupa uliungwa kwa skrubu. Lakini mishipa ya damu inayolisha kichwa cha fupa la paja hupita kwenye shingo hiyo hiyo, na ikikatika, kichwa hufa polepole kwa kukosa damu. Ndivyo ilivyokuwa kwake. Akiwa na nyonga hiyo alishiriki Tour de France ya mwaka 2006, akafika Paris akiwa wa kwanza. Ushindi ule alinyang'anywa baadaye kwa kosa la dawa zilizokatazwa, na hilo lazima lisemwe. Ila kwa upande wa nyonga angalieni ajabu hii: mtu aliyekuwa akichechemea anapotembea alivuka milima yote ile akiwa juu ya baiskeli. Septemba ya mwaka huo huo alifanyiwa upasuaji wa kuvikwa kofia ya chuma juu ya kichwa cha mfupa. Agosti 2007 akamaliza wa pili katika Leadville 100, mashindano ya baiskeli za milimani ya maili 100, yaani kilomita 160 hivi. Baiskeli haikuwa imempa taarifa za kweli kuhusu mfupa wake. Wewe je, unaiuliza baiskeli au unauliza ngazi?

Wanaosubiri tarehe wanaweza kuendelea kuendesha, wakibadilisha kitu kimoja. Fupisheni krenki, ule mkono unaoshika pedali. Ukitoka milimita 172.5 ukaenda 165, pedali hupanda milimita 7.5 ikiwa chini, kwa hiyo nawe unapandisha kiti milimita 7.5. Lakini ikiwa juu, pedali imeshuka 7.5 na kiti kimepanda 7.5: goti limepata milimita 15 za nafasi pale pale nyonga inapobanwa. Watu wengi husahau kupandisha kiti, wakaambulia nusu ya faida na maumivu ya goti juu yake. Inueni pia usukani sentimita 3 hadi 5, msilale sana mbele.

Na sindano? Sindano ya steroidi ndani ya kiungo inaweza kutuliza kwa wiki kadhaa. Ila ukichomwa karibu na siku ya upasuaji, hatari ya maambukizi huongezeka, ndiyo maana madaktari wengi husubiri angalau miezi mitatu tangu sindano. Usichome ili uwahi mashindano halafu ukapoteza tarehe ya upasuaji.

Sasa, nini hasa kinawekwa ndani? Mtu akijua kilicho ndani, wiki za kukaa nje ya baiskeli haziwi adhabu tena.

Daktari wa upasuaji John Charnley, katika hospitali ya Wrightington nchini Uingereza, alijaribu miaka ya 1950 kutengeneza kikombe cha nyonga kwa plastiki iitwayo Teflon. Wagonjwa walifurahi mno. Maumivu yaliondoka na wakatembea. Kisha baada ya miaka miwili mitatu vikombe vikaanza kuliwa, na unga wake ukawa unachochea uvimbe ndani ya mwili. Charnley alilazimika kuwapasua tena wagonjwa wale wale waliomshukuru. Hakuacha. Mwaka 1962 alianza kutumia plastiki ngumu ya polithini pamoja na kichwa kidogo cha chuma cha milimita 22 hivi, na hapo ndipo nyonga bandia tunayoijua ilipozaliwa. Kwa nini nawapa habari hii? Kwa sababu mwanzoni Teflon ile ilionekana sawa kabisa. Mgonjwa hakuhisi kitu. Kinachoamua maisha ya nyonga bandia ni mambo usiyoyahisi: msuguano, unga wa plastiki, na namna chuma kilivyoshikana na mfupa.

Leo nyonga kamili ina vipande vinne. Kuna shina la chuma linaloingia ndani ya fupa la paja, kichwa cha chuma au cha kauri, kikombe kwenye fupanyonga, na bitana ya plastiki katikati. Plastiki ya sasa imeimarishwa na huliwa polepole zaidi kuliko ya zamani. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2019 uliona kwamba takriban nyonga 58 kati ya 100 hudumu miaka 25, na hizo ni nyonga zilizowekwa kwa vifaa vya enzi hizo. Ile kofia ya chuma siku hizi hutumika kwa wachache, hasa wanaume vijana wenye mifupa mikubwa, kwa sababu chuma kikisuguana na chuma huachia chembe ndani ya damu.

Muulize daktari wako: shina langu litawekwa kwa saruji au bila saruji? Swali hilo moja linabeba kalenda yako. Saruji ya upasuaji hukauka ndani ya robo saa au chini ya hapo, kwa hiyo siku ile ile shina limeshikwa. Shina lisilo na saruji lina uso wa kukwaruza ambao mfupa wako lazima umee na kuingia ndani yake. Kazi hiyo huchukua wiki 6 hadi 12. Shina likichezacheza katika wiki hizo, badala ya mfupa huota utando laini, na utando hauwezi kushika chuma. Huwezi kuuharakisha mfupa kwa moyo wa ushindani. Mapafu hurudi kabla ya mfupa!

Na hapa kuna jambo wasilopenda waendesha baiskeli kulisikia. Mifupa yetu si mizito kama tunavyodhani. Baiskeli haiupigi mfupa kama kukimbia au kubeba mizigo kunavyoupiga, na mtu aliyeendesha miaka mingi bila mazoezi mengine anaweza kuwa na moyo wa kijana na mifupa iliyopungua uzito. Ombeni kipimo cha uzito wa mifupa na cha vitamini D mapema, kwa sababu majibu yake yanaweza kubadili uamuzi wa saruji.

Nije kwenye maandalizi, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa baadhi ya mambo haya hayamo kwenye vijikaratasi vya hospitali. Vijikaratasi vile havikuandikwa kwa ajili yenu.

La kwanza ni ngozi. Wangapi humu hunyoa miguu? Acheni kunyoa. Wembe huacha mikwaruzo midogo isiyoonekana, na bakteria hukaa humo. Nywele zikihitaji kuondolewa, hospitali itazipunguza kwa mashine siku yenyewe. Na kidonda cha kiti? Jipu dogo pale unapokalia, au mchubuko wa lami kwenye goti, unatosha kufanya upasuaji uahirishwe, kwa sababu maambukizi yakishika chuma ni vigumu mno kuyang'oa. Kwa hiyo wiki tatu za mwisho endesheni ndani, mahali pasipo na lami. Wapo wanaotaka safari moja ya kuaga siku mbili kabla. Sielewi faida yake. Jino bovu nalo litibiwe kabla, si baada.

La pili ni mapigo ya moyo. Mwambieni mtaalamu wa usingizi kwamba ninyi ni waendesha baiskeli na kwamba mapigo yenu mkiwa mmetulia ni 45 au 48, kama ndivyo. Asiyejua atayaona kwenye mashine usiku akadhani kuna hatari. Mtajieni pia kila kidonge na kila unga mnaotumia mazoezini. Dawa za maumivu kama ibuprofeni na baadhi ya virutubisho huathiri kuganda kwa damu, na yeye ndiye atakayesema kipi kiachwe na lini. Pimeni wingi wa damu mapema, ili upungufu wa madini ya chuma urekebishwe kabla.

La tatu ni misuli. Tuna mapaja ya mbele yenye nguvu sana, na misuli ya pembeni ya nyonga iliyolala. Pedali haiendi upande, kwa hiyo misuli ile inayozuia fupanyonga lisidondoke unaposimama mguu mmoja haipati kazi. Ni yenyewe hiyo itakayoamua kama utatembea ukiyumba. Wiki 6 hadi 8 kabla, kila siku: lala ubavu uinue mguu ulionyooka, mara 10, seti 3. Lala chali uinue makalio, ushikilie sekunde 5, mara 10, seti 3. Simama kutoka kwenye kiti bila mikono, mara 10. Na mikono msiisahau: kaa kwenye kiti chenye mihimili ujisukume juu, maana magongo hubebwa na mikono. Fanyeni mazoezi ya magongo kabla ya upasuaji, wakati bado akili ni nyepesi. Kwenye ngazi, mguu mzima hutangulia kupanda, na mguu uliopasuliwa hutangulia kushuka. Mkifikia fimbo moja, ishikwe na mkono wa upande mzima. Wengi huishika upande wa kidonda, na hapo ndipo kuchechemea kunapozoeleka.

Haya, umepasuliwa. Hospitali nyingi zitakusimamisha siku ile ile au kesho yake. Ganzi itakuwa inakudanganya kidogo siku ya kwanza, kisha ukweli utafika usiku wa pili. Utachomwa au kumezeshwa dawa ya kuzuia damu kuganda, mara nyingi kwa hadi wiki 5. Imalize yote. Kigimbi kikivimba na kuuma upande mmoja, au pumzi ikikatika ghafla, hilo si la kusubiri asubuhi. Kidonda kinachoendelea kutoa majimaji baada ya wiki ya kwanza kionyeshwe kwa aliyekupasua, si kwa rafiki aliyewahi kupasuliwa.

Kisha inakuja wiki ya tatu. Huzuni ya wiki ya tatu ni ya kweli, na wanafamilia mliopo naomba mlisikie hili. Maumivu yamepungua, watu wamerudi kazini, hali ya hewa ni nzuri, na mtu anaona maisha yake ya baiskeli yakiyeyuka. Je, yanayeyuka kweli?

Mwaka 1984 Edward Coyle na wenzake walichapisha majaribio juu ya watu 7 waliokuwa wamefanya mazoezi ya ustahimilivu kwa miaka mingi, wakaambiwa waache kabisa kwa siku 84. Siku 21 za mwanzo, uwezo wao wa juu wa kutumia oksijeni ulishuka kwa asilimia 7. Kufikia siku ya 56 ulikuwa umeshuka kwa asilimia 16, na hapo ukasimama. Haukushuka tena. Na hata siku ya 84, bado walikuwa juu ya watu ambao hawakuwahi kufanya mazoezi, na vijishipa vidogo vya damu ndani ya misuli yao vilikuwa vimebaki vile vile. Sehemu kubwa ya anguko la mwanzo ni maji ya damu kupungua, na hayo hurudi haraka. Kwa hiyo mwenzako anapolia kwamba miaka 10 ya mazoezi imepotea, mwambie haijapotea. Asilimia 16, kisha sakafu. Hilo ndilo deni lote. Kwa nini basi uhatarishe shina ambalo halijashika, kwa kuogopa hasara yenye kikomo?

Tufike kwenye kurudi. Nawasihi, fuateni kalenda ya aliyewapasua, kwa sababu yeye ndiye aliyeuona mfupa wenu. Nitakayosema ni mpangilio wa kawaida tu.

Baiskeli ya ndani, ile isiyokwenda popote, huruhusiwa mara nyingi kati ya wiki ya 2 na ya 6. Kiti kiwe juu kuliko kawaida yako, kiasi kwamba mguu unafika chini kwa shida. Usukani uwe juu ya usawa wa kiti. Anza kwa kubembeza pedali mbele na nyuma bila kumaliza mzunguko. Kisha zungusha kinyumenyume, ndipo mbele. Dakika 5, mara mbili kwa siku, bila uzito wowote, mizunguko 60 kwa dakika inatosha. Kama kesho yake maumivu hayajaongezeka, ongeza dakika 2 au 3. Usiongeze muda na uzito siku moja. Usiwashe kipima nguvu, nakuomba, kwa sababu ukiona namba utataka kuishinda.

Njia aliyopitia daktari kuingia ndani ndiyo inayoamua mwendo gani ni wa hatari. Akipitia nyuma, hatari ni kukunja nyonga kupita nyuzi 90, kuvusha mguu kwenda upande wa pili, na kugeuza mguu kwa ndani. Akipitia mbele, hatari ni kupeleka mguu nyuma sana huku ukiugeuza nje. Na sasa zile pedali zinazonasa viatu. Unajinasuaje? Unasukuma kisigino nje. Kisigino kikienda nje, paja linageuka ndani. Huo ndio mwendo uliokatazwa kwa aliyepasuliwa kupitia nyuma, tena kwa nguvu na kwa ghafla unapotaka kusimama! Tumieni pedali bapa hadi mwezi wa tatu au zaidi, na mkirudi kwenye za kunasa, legezeni springi hadi mwisho kabisa.

Kupanda nako ni hivyo hivyo. Usirushe mguu uliopasuliwa juu ya kiti. Ilaze baiskeli chini, vuka fremu, kisha iinue kati ya miguu yako. Mwenye fremu iliyoshuka katikati ana bahati.

Barabarani ni wiki ya 6 hadi ya 12, na wengi huambiwa 12. Sababu si kuzungusha pedali. Sababu ni kuanguka. Shina la chuma ni gumu kuliko mfupa unaolizunguka, na ukianguka mfupa huvunjika pale ncha ya shina inapoishia. Matengenezo yake ni magumu kuliko upasuaji wa kwanza. Kwa hiyo chagueni njia tambarare, kavu, isiyo na magari mengi, na msiende katika kundi.

Mtazameni Andy Murray, mcheza tenisi wa Uingereza. Januari 2019 alivikwa kofia ya chuma kwenye nyonga. Juni akarudi, lakini alianza na mchezo wa wawili wawili, ambao mbio zake ni chache, na yeye na Feliciano López wakatwaa taji la mashindano ya Queen's jijini London. Agosti ndipo akacheza peke yake, akashindwa mechi ya kwanza. Oktoba akashinda mashindano ya Antwerp. Aliongeza mzigo kwa ngazi. Kwetu sisi mchezo wa wawili ni baiskeli ya ndani, na kushindwa ile mechi ya Agosti ni ile siku mtakayoachwa kwenye mlima mdogo na mtu mliyezoea kumwacha. Itafika. Iacheni ipite.

Mambo matatu ya mwisho, kwa haraka. Mguu unaweza kuonekana mrefu zaidi wiki za mwanzo, kwa sababu misuli iliyokaza huinamisha fupanyonga. Msikimbilie kuweka vibao chini ya kiatu wala kuhamisha kiti kabla ya miezi mitatu. Mara nyingi hisia hiyo huondoka yenyewe, na ikibaki, pimwa kwanza. Na kinena kikianza kuuma baada ya kurudi, hasa unapoinua goti, inawezekana kano ya mbele inakwaruzwa na ukingo wa kikombe. Acheni kuvuta pedali juu, pandisheni kiti kidogo, mkamwone daktari. Maumivu ya paja yanayoanza kila unapoinuka kutoka kwenye kiti, miezi mingi baada ya kupona, yanahitaji eksirei hata kama kwenye baiskeli hamhisi kitu.

Baiskeli ya ndani iko hapa mbele, pamoja na krenki za milimita 155, 160 na 165. Wenye tarehe tayari, njooni kwanza, mje na viatu mnavyoendeshea. Tutapima urefu wa kiti cha sasa kutoka katikati ya krenki hadi juu ya kiti, na mwandike namba hiyo leo kabla hamjagusa chochote. Ndiyo mtakayoihitaji miezi minne ijayo.